Seli Zisizojua Kutosheka

Wivu wa Bi Darubini haukuanza siku moja. Ulimwingia polepole, kama unyevu unavyoingia ukutani, na alipokuja kuugundua rangi ilikuwa imeshaanza kubanduka.

Jina hilo alipewa na wenzake katika maabara ya kuotesha ngozi, kwa sababu ya macho yake. Watu wengine wakiinamia darubini waliona madoadoa yasiyo na kichwa wala miguu. Yeye aliona seli ipi imeshiba, ipi ina njaa, ipi inajiandaa kugawanyika na ipi inaaga dunia. Kazi hiyo alikuwa ameianza zamani, maabara ikiwa bado chumba kimoja nyuma ya wodi ya walioungua, na kabati la joto likikohoa kama mzee mwenye pumu. Hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi na mama yake, na ndugu yake wa pekee alikuwa mdogo wake wa kiume, aliyekuwa amekwisha kuoa na kujitegemea.

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa akiungua sehemu kubwa ya mwili, hukatwa kipande kidogo cha ngozi iliyosalimika, mfano wa stempu ya barua. Seli zake hutenganishwa, hulazwa katika visahani na kulishwa maji mekundu yenye virutubisho, ambayo pale maabara kila mtu aliyaita sharubati. Siku zikipita zinaongezeka, zinatandaa, mpaka zinakuwa utando mwembamba wa ngozi ambao daktari anaweza kuubandika kwenye kidonda.

"Seli nzima ina adabu," Bi Darubini alizoea kuwaambia wanafunzi. "Haigawanyiki ovyo ovyo. Kwanza inakula na kunenepa. Inasikiliza majirani wanasemaje. Halafu inafika langoni na kujiuliza: nimekua vya kutosha? Chakula kipo? Nafasi ipo? Kama jibu ni hapana, inakaa pale pale ikingoja. Kama ni ndiyo, inanakili vinasaba vyake vyote, kisha inaikagua ile nakala, na ikikuta kosa inasimama ilirekebishe. Ndipo inajigawa. Na zikishajaa zikagusana bega kwa bega, zinatulia. Laiti binadamu wangekuwa hivyo!"

Wanafunzi walicheka, naye alipenda wakicheka.

Basi, aliyemletea wifi yake kazini ni yeye mwenyewe. Mdogo wake alikuwa ameoa msichana msomi wa biolojia, mpole, asiye na ajira, na Bi Darubini akaenda kumsemea kwa Profesa, mkuu wa maabara. "Nipe huyu," alisema, "mimi nitamfundisha." Akamfundisha kweli. Alimwonyesha namna ya kushika pipeti, kile kimrija cha kuvutia matone, bila mkono kutetemeka, namna ya kufungua kifuniko cha kisahani upande mmoja tu, hata namna ya kupumua mbele ya kabati la hewa safi. Mwaka ulipogeuka, kila alichokigusa yule binti kilistawi. Seli zilizokuwa zikimfia kila mtu, kwake zilijaa kisahani. Wanafunzi wakampa jina: Mkono wa Heri.

Siku ya kwanza Bi Darubini alipolisikia jina hilo alicheka na wenzake. Siku ya pili alitabasamu. Siku ya tatu alijifanya hajasikia.

Tangu hapo hakukosa cha kumuuma. Asubuhi alitazama nani kasalimiwa kwanza. Profesa akimwita wifi yake "binti yangu," yeye alikumbuka kwamba miaka yote ile aliitwa "Bi Darubini" tu, kama chombo. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Jumapili mdogo wake na mkewe walikuja kula, na mama, akimwona mkwe wake anapakua, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Huyu mkwe wangu ana mikono jamani!"

"Na mimi, mama, nina kwato?" Bi Darubini aliuliza.

Wote wakacheka, mama zaidi ya wote. Hakuna aliyejua kwamba swali lile halikuwa mzaha.

Mara moja, akiwa peke yake maabara, aliviondoa visahani vya wifi yake kwenye rafu ya juu akaviweka rafu ya chini kabisa, karibu na mlango wa kabati, mahali ambapo joto halitulii. Alifika koridoni, aibu ikamgeuza, akarudi kuvipandisha. Na vilistawi vile vile, kana kwamba vinamcheka.

Ndipo akaja Fundi.

Fundi alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Tangi alilokuwa akiliziba lilikuwa na mvuke wa mafuta ndani, likamlipukia, na moto ukamla mgongo na miguu yote miwili. Alikuwa mcheshi hata katika maumivu yake. Aliwaambia wauguzi kwamba maisha yake yote amekuwa akiunga vyuma, sasa ni zamu ya watu kumuunga yeye. Ngozi aliyobakiwa nayo haikutosha kuhamishwa. Ilibidi aoteshewe.

Profesa aliwaita wote ofisini. "Kazi ya Fundi ataishika Mkono wa Heri," alisema. "Bi Darubini, wewe utamsaidia."

Utamsaidia! Neno hilo alilimeza kama mfupa. Aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, Profesa," akatoka na kwenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Seli za Fundi zilikua kwa namna ambayo haijapata kuonekana pale. Mkono wa Heri alipita koridoni akiimba. Utando uliotarajiwa baada ya wiki kadhaa ulionekana utakuwa tayari mapema sana, na Profesa hakuweza kujizuia. Akaalika wajumbe wa bodi ya hospitali waje Ijumaa kuona maajabu hayo, na upasuaji ukapangwa Jumatatu inayofuata.

Jumatatu ya wiki ile ya wageni, wifi yake akiwa darasani, Bi Darubini alivitoa visahani vya Fundi avitazame. Hakutumwa. Alitaka tu kuona, kama mtu anavyokibonyeza kidonda chake kujua kama bado kinauma.

Akainama kwenye darubini. Akarekebisha mwanga. Akanyanyua kichwa, akafuta lenzi, akainama tena.

Seli za ngozi zikistawi hupangana kama vigae vya sakafu, kila kimoja na mipaka yake. Pembezoni mwa kisahani vigae vilikuwapo. Lakini katikati kulikuwa na kitu kingine: seli za duara, zinazong'aa, zimepandana moja juu ya nyingine kama watu wanaogombania mlango. Zilikuwa zimegusana zamani, na bado zilikuwa zikigawanyika. Nyingi mno zilikuwa zinagawanyika kwa wakati mmoja. Sharubati ilikuwa imegeuka njano, imeliwa yote, na bado hazikuwa na dalili ya kutosheka.

Hizo si seli za Fundi, alijiambia. Au kama ni zake, zimepoteza breki.

Alijua zinafanana na nini. Katika chumba kile kile zilikuwapo seli za kufundishia, seli za saratani zilizokuwa zikioteshwa miaka nenda miaka rudi, zisizouliza chochote langoni. Ni Mkono wa Heri aliyewafundisha wanafunzi kwa seli hizo. Chupa moja ya sharubati, ikitumiwa kwa haraka kulisha seli hizo na kisha za Fundi, ingetosha. Tone moja tu lenye seli chache, na hizo chache zingezishinda mbio zile zenye adabu.

Na hapo, Bi Darubini akiwa bado na jicho kwenye darubini, furaha ikampanda. Ilimpanda kuanzia tumboni, ya moto, tamu, mpaka akaona haya ingawa chumba kilikuwa kitupu. Mkono wa Heri! Haya, wageni na waje. Waje na mjumbe mmoja mwenye macho, ainame hapa, aulize swali. Yeye hatasema neno. Kwani yeye si msaidizi tu?

Akavirudisha visahani mahali pake, akafunga mlango wa kabati taratibu.

Jumanne alikuja kazini amevaa vizuri. Alimsalimia wifi yake kwa uchangamfu mpaka wifi yake akashangaa. Lakini mchana chakula alikiacha. Alijipa sababu nzuri nzuri: nikisema, watasema nina kijicho, Profesa mwenyewe atasema hivyo, na pengine macho yangu ndiyo yenye kijicho, pengine nimeona nilichotaka kuona. Hilo la mwisho ndilo lililomtia hofu. Maisha yake yote alikuwa akiyaamini macho yake kuliko kitu kingine chochote, na sasa hata hayo wifi yake alikuwa amemnyang'anya.

Jumatano asubuhi alipeleka vifaa wodini. Fundi alikuwa amelala kifudifudi, mkewe kakaa kando akimpepea.

"Bi Darubini!" Fundi alimwita. "Watoto wangu wa kwenye visahani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Nasikia wana mbio. Wamerithi kwa baba yao. Waambie Jumatatu wasichelewe, maana huyu mama hapa anataka nirudi nyumbani nikazibe bati linalovuja."

Mkewe akacheka, akamkemea asiongee sana. Kisha akamgeukia Bi Darubini. "Dada, Mungu awabariki kwa mnayomfanyia."

Bi Darubini alitoka pale akarudi maabara. Seli zisizojua kusimama zingebandikwa kwenye mgongo ule. Huenda mwili wake ungezikataa na kuzitupa. Huenda pia usingezikataa, na hakutaka kufikiri zaidi ya hapo. Hata zikitupwa, ngozi yenyewe ingekuwa imepotea na Fundi amekatwa bure. Na aliyekuwa akijua ni mtu mmoja tu, aliyevaa vizuri Jumanne.

Alimkuta wifi yake anavaa glavu.

"Wifi, njoo uone kitu."

Mkono wa Heri alitazama kwenye darubini muda mrefu. Aliponyanyua kichwa uso wake ulikuwa umekaza. "Naona ngozi inayostawi."

"Tazama katikati. Zimepandana."

"Zimejaa, ndiyo maana."

"Zikijaa zinatulia, wifi. Nilikufundisha mimi mwenyewe."

"Ndiyo, umenifundisha!" Sauti ya binti ilipanda. "Na tangu nilipojua umenichukia. Unadhani sioni? Nikisifiwa unaondoka. Mama akinisifu unageuka. Hasidi hana sababu, wifi, lakini wewe sababu yako naijua. Ijumaa ndiyo inayokuuma."

Yalikuwa maneno ya kweli. Bi Darubini alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Haya, nina wivu," alisema. "Umesema kweli. Roho inaniuma mpaka silali. Sasa usiniamini mimi, ziulize zenyewe. Chukua kisahani kimoja hapo, uzinyime kichocheo cha ukuaji. Zipe sharubati nyepesi tu. Kama ni za Fundi, zitasimama langoni zingoje. Kama si zake, zitaendelea."

Mkono wa Heri alisita. Kisha akachukua pipeti. Akavuta sharubati ya zamani, akatia ile nyepesi. Bi Darubini aliongeza kisahani cha pili pembeni, cha ngozi nzima ya mgonjwa mwingine, ili wawe na cha kulinganishia. Wakavitia alama, wakavifungia katika kabati la joto.

"Uliziona lini?" wifi yake akauliza, mgongo kampa.

Angeweza kusema leo asubuhi. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Jumatatu."

"Leo Jumatano."

"Najua leo ni siku gani."

Mkono wa Heri hakugeuka. Alisimama hivyo, mkono umeshika kitasa cha kabati, kisha akatoka, na siku nzima ya pili hawakusemezana.

Ijumaa asubuhi, kabla wageni hawajafika, waliinama kwa zamu. Seli za mgonjwa mwingine zilikuwa zimetulia kimya, zimekaa vigae vigae, hakuna hata moja iliyokuwa ikigawanyika. Zilikuwa langoni, zinangoja. Za kisahani cha Fundi zilikuwa zimeongezeka. Njaa haikuwa habari kwao. Vigae vya pembezoni vilikuwa karibu kumezwa vyote.

Wifi yake alikaa kwenye kiti, akafunika uso kwa mikono.

"Ile chupa," alisema. "Siku ya wanafunzi. Nilikuwa na haraka, nikatumia chupa moja. Wifi, ningemuua."

Bi Darubini alikuwa ameisubiri saa hiyo kwa hamu kubwa, na sasa ilipofika haikuwa na ladha. Aliweka mkono begani kwa binti yule, akauacha pale bila kujua aufanyeje.

"Zipo chupa za seli zake za siku ya kwanza," alisema hatimaye. "Nilizigandisha mimi, kabla hujaanza kulisha. Hizo ni safi. Tutaanza upya."

Wageni walipoingia, Profesa akiwa tayari kifua mbele, Mkono wa Heri alisimama mbele yao, macho mekundu, akasema kosa lake lote tangu mwanzo. Hakumtupia mtu lawama, na habari ya Jumatatu hakuitaja. Profesa alikuwa amebadilika rangi. Kisha mzee mmoja wa bodi, aliyekuwa daktari wa upasuaji kwa miaka mingi, akaanza kupiga makofi polepole, na wengine wakafuata. Alisema hajawahi kumwona mtu wa umri ule anayesimama mbele ya wakubwa na kujishtaki mwenyewe, na kwamba maabara yenye mtu wa namna hiyo inaweza kuaminiwa.

Bi Darubini alikuwa amesimama nyuma, karibu na sinki. Alipiga makofi pia. Ule mfupa wa koo ulikuwa umerudi.

Walianza upya, wote wawili pamoja, chupa kila moja na kazi yake. Seli zilikwenda mwendo wake wa kawaida, na wiki ambazo Fundi aliongezewa hazikuwa nyepesi. Homa ilimpanda mara mbili. Siku za kubadilishwa bandeji mzaha ulimwisha, na sauti yake ilifika mpaka maabara. Kila alipoisikia, Bi Darubini aliacha alichokuwa akikifanya. Kweli, kama angesema Jumatatu badala ya Jumatano, Fundi angepunguziwa siku mbili tu. Lakini yeye alizihesabu siku hizo mbili kuwa zake, na hakumgawia mtu mwingine.

Utando ulipokuwa tayari ulibandikwa, na ukashika. Siku ambayo daktari alifunua bandeji akakuta ngozi mpya, ya waridi, iliyotulia mahali pake, mke wa Fundi alimkumbatia kila aliyekuwa karibu, akiwamo mtu aliyekuja kurekebisha taa.

Jumapili iliyofuata familia ilikaa mezani. Habari zilikuwa zimemfikia mama, tena zikiwa zimeongezwa chumvi njiani.

"Nasikia ulisimama mbele ya wazee ukasema kosa lako," alimwambia mkwe wake. "Mkwe wangu, wewe ni mtu na nusu. Wangapi wangeweza?"

"Mama," Mkono wa Heri akasema, "aliyeliona kosa ni wifi. Bila yeye Fundi angebandikwa ugonjwa. Mimi nilimtukana, yeye akanivumilia."

Mama akamgeukia binti yake, macho yamemtoka. "Kumbe! Na wewe hukusema!"

Bi Darubini alitazama sahani yake. Alingoja yafuate maneno mengine, yale ya Jumatatu. Hayakufuata. Wifi yake alikuwa amempa sifa nzima na aibu ameifunika, na hilo, ajabu ya Mungu, lilimchoma kuliko yote yaliyotangulia. Hata kwa wema alikuwa amemzidi!

Jikoni, wakiosha vyombo, alishindwa kujizuia. "Kwa nini hukumwambia mama kwamba nilikaa kimya?"

"Ningemwambia ili iweje?" Wifi yake alisugua sufuria. "Ningekuwa wewe, mimi ningekaa kimya wiki nzima."

"Uongo huo."

"Uongo, ndiyo," binti akakubali, na wote wawili wakaguna kicheko kidogo ambacho hakuna kati yao aliyekuwa amekikusudia.

Bi Darubini alifuta sahani moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Lilikuwapo swali ambalo wivu ulikuwa umemzuia kuliuliza miaka miwili, na sasa lilimtoka lenyewe. "Hebu niambie. Ukiacha hizi za Fundi, zako zinanishindaje? Chakula ni kile kile, kabati ni lile lile."

Mkono wa Heri alisita, kama anayeogopa kuvunja adabu. "Nikisema hutakasirika?"

"Nitakasirika. Sema."

"Unazitazama mno, wifi. Kila baada ya muda unazitoa, unaziweka chini ya darubini, unazirudisha. Kila ukizitoa zinapata baridi, zinashtuka. Mimi nikizilisha nafunga mlango, naziacha."

Bi Darubini alikasirika, kama alivyoahidi. Alikasirika jioni yote. Jumatatu alilisha visahani vyake, akafunga mlango wa kabati, akasimama mbele yake mikono mifukoni, vidole vikimwasha. Kupitia kioo cha mlango wa maabara aliwaona wanafunzi wamemzunguka wifi yake koridoni, wakicheka jambo alilosema. Roho ikamwuma, kidogo, mahali pale pale.

Akaliacha kabati, akaenda wodini. Alikuwa amesikia kwamba Fundi angejaribu kutembea asubuhi ile, na alitaka kufika kabla hajaanza.